Barua ya wazi kwa Bunge la Kaunti ya Makueni: likizo imekwisha, watoto waende wapi?

Mheshimiwa Spika, nanyi Waheshimiwa Wawakilishi wa wadi zetu 30,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kathonzweni na mama wa watoto wawili, na muhula huu nimerejea darasani baada ya likizo ya uzazi ya mtoto wa pili. Nawaandikia ninyi, wala si mwajiri wangu wala Bunge la Kitaifa, kwa sababu shauri ninalolileta Katiba imeliweka mikononi mwenu. Naomba kaunti yetu iwe na vituo vya umma vya kulelea watoto wachanga pamoja na wale ambao hawajafikia umri wa chekechea, tuanzie masokoni na karibu na shule, na fungu la kazi hiyo lionekane kwenye bajeti.

Sheria za nchi hazijatutupa. Mama zetu walioajiriwa chini ya Sheria ya Ajira ya 1976 walipewa miezi miwili ya uzazi, na aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka, kana kwamba kujifungua ni kwenda kupunga upepo. Sheria ya Ajira ya 2007 ilirekebisha hilo. Kifungu cha 29 kilitoa miezi mitatu kwa mshahara kamili, kikampa mama haki ya kurudi kwenye kazi aliyoiacha au nyingine inayomfaa bila kupunguziwa masharti, kikampa baba wiki mbili, na kikasema wazi kwamba likizo ya mwaka haipotei. Kifungu cha 46 kinakataza mwanamke kufutwa kazi kwa sababu ya mimba. Sisi walimu tulioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) tulisogezwa mbele kidogo: mkataba wa 2021 hadi 2025 kati ya tume na vyama vyetu ulifikisha likizo ya mama siku 120 na ya baba siku 21.

Kwa hiyo sijaja kulia kwamba likizo ni fupi, ingawa ni fupi. Hesabu yenyewe kila mama anaijua. Mwenye miezi mitatu, akianza likizo siku ya kujifungua, anaripoti kazini mtoto akiwa na siku tisini na kitu. Chanjo ya wiki ya 14 inaangukia siku ya 98. Yaani kabla hajazoea tena kiti chake ameshaanza kuomba ruhusa ya kwenda kliniki, na mkubwa wake ameshaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani wanatuhimiza tuwape watoto maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita. Utafiti wa kitaifa wa afya ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miezi sita walionyonya bila kuchanganyiwa walikuwa asilimia 32 mwaka 2008 na 2009, wakafika asilimia 61 mwaka 2014, na mwaka 2022 tukakutwa kwenye asilimia 60. Tulipanda mlima kwa kasi, kisha tukasimama. Mimi mwenye siku 120 nilirudi kazini ikiwa imebaki miezi miwili ya kunyonyesha bila kuchanganya. Mwenzangu wa dukani mwenye siku 90 alibakiwa na mitatu.

Kinachonifanya nishike kalamu ni kwamba sheria zote hizi zinazungumza zaidi juu ya kuondoka kazini. Juu ya kurudi zinasema mama apewe kazi yake. Mtoto naye amewekwa wapi saa hizo, hakuna anayeuliza. Mtoto akiwa mmoja, swali hilo hujibiwa nyumbani kimyakimya na halifiki Wote, makao makuu ya kaunti. Wakiwa wawili, jibu la nyumbani halitoshi tena.

Watu husema mtoto wa pili ni mwepesi. Mama amezoea, beseni lipo, nguo ndogo zimekunjwa kwenye sanduku. Kweli, beseni sikununua. Lakini kifungua mimba wangu alilelewa na susu yake, yaani bibi yake. Nilipokwenda kazini alimfunga mgongoni kwa leso, akapalilia ndengu, akaanika mbaazi, akaenda kuteka maji, na mtoto akalala humo humo. Mgongo wa susu ni mmoja. Leo mdogo akifungwa mgongoni, mkubwa naye anataka abebwe, na asipobebwa anafuata mbuzi hadi kwenye lambo. Kila mtu anajua malambo ya kwetu yamekwisha kuchukua watoto wangapi. Susu mwenyewe ni mkulima. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo tunazozitegemea huku, na zikianguka hazimsubiri anayelea wajukuu. Ndengu zilizoiva zikiachwa siku kadhaa juani hupasuka zikamwagika, na hiyo ndiyo hela ya nyumba. Tunaposema bibi yupo atalea, tunamtoa mtu mzima kwenye kazi yake bila kumlipa wala kumuuliza.

Kuna mtego mwingine hapa. Kliniki inatushauri tupumzike walau miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine. Ushauri mzuri, na wengi wetu tunaufuata. Sasa tupige hesabu. Ukipumzika miaka miwili, ukabeba miezi tisa, kisha ukamaliza likizo, mtoto wa kwanza ana miaka mitatu na kidogo. Chekechea ya serikali, PP1, inaanza akiwa na miaka minne. Kwa hiyo mama aliyetii ushauri wa kliniki ndiye anayenaswa: kwa karibu mwaka mzima ana watoto wawili nyumbani, mmoja bado ananyonya na mwingine hajafikia umri wa kupokelewa shule, na yeye anatakiwa awe ubaoni saa mbili asubuhi. Huo ndio mwaka ninaouishi, na ndio mwaka ambao hakuna ofisi inayouhesabu.

Baba yao anafanya kazi Mombasa. Likizo yake ilikwisha mara tu kitovu cha mtoto kilipodondoka, akapanda basi. Simlaumu. Nyumba nyingi za Kathonzweni, Mavindini na Kitise zinaishi hivyo, mkono mmoja mjini na mwingine shambani.

Mtaniambia niajiri yaya. Nimemwajiri, na ninashukuru kwamba mshahara wa mwalimu unaweza kukatwa kipande hicho. Lakini mwenye kibarua cha kuchambua maembe msimu wake unapofika, au mama anayeuza kunde na nyanya sokoni, atamlipa yaya kwa pesa gani? Na yaya mwenyewe ni nani? Mara nyingi ni msichana wa kijiji jirani aliyeacha masomo. Mimi ndiye ninayeita majina asubuhi, na sajili ya mahudhurio haifichi kitu. Siku ya soko huwa nakuta alama za kutokuwepo zimejipanga kwenye majina ya wasichana wakubwa. Ukimuuliza mmoja kesho yake, anatazama chini na kusema, “Mwalimu, mama alienda soko, nilibaki na mtoto.” Hapo kituo cha kulelea watoto tunacho tayari. Ni msichana wa miaka kumi na mmoja, na karo ya kituo hicho inalipwa kwa hesabu na Kiswahili anachokikosa darasani. Tusipojenga vituo, tusijidanganye kwamba tumeokoa pesa. Tumewatoza wasichana wetu.

Sasa niwapeleke kazini. Sheria ya Afya ya 2017 ni nzuri kuliko wengi wanavyojua. Kifungu cha 71 kinamtaka kila mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa, chenye mahali pa kunawa mikono, jokofu au kifaa kingine cha kupozea, umeme, meza ndogo na kiti cha kukalika vizuri, na kinasema chumba hicho kisiwe chooni. Kifungu cha 72 kinampa mama anayenyonyesha muda wa ziada kando ya mapumziko ya chakula, usiozidi saa moja katika saa nane za kazi, na muda huo unahesabika kuwa ni wa kazi.

Nilipoyasoma hayo nilikuwa nimekaa kwenye stoo ya vitabu. Shule yangu sitaitaja, maana walimu wenzangu wamenistahi sana na shule nyingi za mashambani hali ni hiyo hiyo. Stoo ina katoni za vitabu vya mtaala mpya, majembe ya wanafunzi, ndoo za rangi zilizokauka na harufu ya panya. Mlango hauna komeo, kwa hiyo naegemeza jembe upande wa ndani. Nakaa juu ya katoni, nakamua kwenye kikombe nilichokichemsha alfajiri, huku masikio yako nje yakisikiliza nani anakuja kuchukua chaki. Kuna siku mtoto wa gredi ya kwanza aliangua kilio kwenye veranda, na maziwa yakatiririka yenyewe nikiwa katikati ya somo. Nilichukua leso nikajifunga kifuani, nikaendelea na sentensi. Wanafunzi hawakucheka, maana wengi wana wadogo zao nyumbani.

Maziwa niliyokamua nayo yana saa zake. Wataalamu wanasema yanakaa salama kwa muda wa saa nne hivi katika chumba ambacho joto lake halizidi nyuzi 25. Waheshimiwa, ni nani kati yenu aliyewahi kukuta nyuzi 25 Kathonzweni mwezi wa pili saa saba mchana, chini ya bati lisilo na dari? Maziwa yangu mengi huishia ardhini nyuma ya stoo. Siku ninapoweza, namlipa kijana wa bodaboda amlete susu na mtoto wakati wa mapumziko ya asubuhi, nanyonyesha chini ya mti, kisha wanarudi. Mkubwa naye huja, kwa sababu hawezi kuachwa peke yake. Watu watatu juu ya pikipiki na dereva wa nne, kwenye barabara ya vumbi, ili mtoto apate haki ambayo sheria imeshaiandika.

Sitaki mniambie kwamba hilo ni la mwajiri wangu. Ni lake pia, na nitalisema kwake kwa njia zake. Lakini chumba cha kukamulia maziwa kinamsaidia mwenye mwajiri. Hapa Kenya, ukiacha wakulima wadogo, zaidi ya watu wanane katika kila kumi wanaofanya kazi wako kwenye jua kali, ambako hakuna barua ya likizo wala mshahara wa miezi mitatu. Mama anayeuza mboga soko la Kathonzweni anarudi kazini siku mwili unapomruhusu, na mara nyingine kabla haujamruhusu. Mtoto anawekwa kwenye katoni ya sabuni chini ya meza, kati ya magunia na moshi wa anayekaanga mandazi. Yule wa pili anazurura kati ya magari ya mizigo. Mama huyo hana kifungu cha 29. Alicho nacho ni ninyi.

Nasema ni ninyi kwa sababu Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, inaorodhesha kazi za serikali za kaunti, na katika namba ya tisa imetaja elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya mapishi na ushonaji, na vituo vya kulelea watoto. Vyote viko kwenye mstari mmoja. Chekechea tunaziona, zimejengwa, walimu wake wanaajiriwa na kaunti. Vyuo vya ufundi tunaviona. Nauliza kwa adabu: neno la mwisho la mstari huo fungu lake liko wapi? Kifungu cha 53 cha Katiba hiyo hiyo kinampa kila mtoto haki ya lishe, makazi na malezi, na kinasema maslahi yake yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Sikioni mahali kinaposema haki hizo zinasimama mama anapokwenda kazini.

Wala hatutakuwa wa kwanza. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria yake ya vituo vya kulelea watoto mwaka 2017. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yamekuwa na vituo vya kulelea watoto wa wachumaji, kwa sababu wenye mashamba waliona kwamba mama mwenye mawazo hachumi vizuri. Majirani zetu wa Tanzania, katika sheria yao ya ajira ya 2004, walimpa mama siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, kisha wakampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha akisharudi kazini. Siku zao ni chache kuliko zetu, lakini walimfikiria mama hata baada ya kurudi. Mimi ningefurahi tukachukua kilicho bora kutoka kila upande.

Mnakumbuka pia kilichotokea Nairobi tarehe 7 Agosti 2019. Mheshimiwa Zuleikha Hassan, aliyekuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Kitaifa na mtoto wake wa miezi mitano. Kikao kilivurugika, wabunge wakazozana, na aliyekaa kwenye kiti cha Spika akamwamuru atoke. Ilikuwa siku ya mwisho ya Wiki ya Unyonyeshaji Duniani. Watu walibishana wiki nzima kama ilikuwa adabu au utovu wa adabu kuingia na mtoto ukumbini. Kama mbunge, mwenye mshahara wa mbunge, anaweza kukosa pa kumweka mtoto kwa saa chache, anayeuza kunde Mbuvo afanye nini?

Najua majibu yatakayotolewa, na nitayagusa kabla hayajatolewa.

La kwanza ni kwamba kulea ni kazi ya familia, na mwanamke wa Kikamba ana nguvu. Mtatuambia ng'ombe haelemewi na nunduye. Ni kweli, nundu haimwelemei. Lakini sijawahi kuona mfugaji wa Kathonzweni akimfunga plau ng'ombe anayenyonyesha, amlimishe tangu alfajiri, kisha jioni ashangae mbona maziwa yamepungua. Familia zetu zinalea na zitaendelea kulea. Kituo kinashika saa nane za mchana ambazo mama anafanya kazi ya kulisha familia hiyo hiyo.

La pili ni kwamba pesa hakuna. Mwaka 2016 kaunti hii ilianzisha MakueniCare, familia ikilipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, na kaunti nyingine zikaja kujifunza kwetu. Tumejenga hospitali ya mama na mtoto pale Wote. Kaunti iliyoamua kumshika mama mkono hadi leba haiwezi kumwachia mlangoni mtoto akishavuta pumzi. Na sidai majumba. Nadai chumba chenye sakafu ya saruji kando ya darasa la chekechea lililopo, tangi la maji, choo kidogo, kivuli, mikeka, jiko la uji, na walezi wawili watatu waliofunzwa. Ardhi ya shule ipo, uzio upo. Susu akija kumchukua mjukuu wa PP1 atamchukua na mdogo wake hapo hapo. Sokoni, kibanda kimoja cha kaunti kikitengwa kwa watoto, wenye vibanda vingine watafanya biashara mikono yao ikiwa huru, na ada ya soko mtaikusanya bila kelele.

La tatu ni usalama, na hili nalichukulia kwa uzito. Hakuna mama atakayemwacha mtoto wa miezi minne mahali asipopaamini. Ndiyo maana naomba sheria kwanza: ieleze mlezi mmoja apewe watoto wangapi, asomee nini, nani atakagua na mara ngapi, na mtoto akipata homa afanyiwe nini. Bila sheria, vituo vitakuja tu, maana uhitaji upo. Vitakuja katika vyumba vya kupanga visivyo na madirisha, watoto ishirini na mtu mmoja, na siku ya msiba tutakimbilia redioni kulaumiana.

Na kuna wazo nitakalolisikia kwenye baraza, la kwamba akina mama waunde mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana kazi, wazungushane zamu za kulea. Mwethya nauheshimu. Matuta yanayozuia udongo wetu usiende na maji hadi mto Athi yalichimbwa kwa sehemu kubwa na wanawake wa mwethya, tangu siku za wilaya kubwa ya Machakos, kabla Makueni haijawa wilaya mwaka 1992. Vikundi hivyo vinaweza kukaa kwenye kamati za vituo, vikachagua walezi, vikasimamia uji na usafi. Lakini mlezi alipwe. Tumeshachimba matuta ya bure. Tusiambiwe tulee na watoto wa kaunti nzima bure.

Basi ombi langu ni hili.

Kwanza, mtunge sheria ya kaunti ya vituo vya kulelea watoto walio chini ya miaka minne, ili neno lililomo kwenye Jedwali la Nne lipate miguu.

Pili, kazi hii iingie katika Mpango wa Maendeleo wa Kila Mwaka, ambao kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 hufikishwa kwenu kabla ya tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti hufika mezani kwenu kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mradi usioonekana kwenye mpango wa Septemba hupata taabu kuonekana Aprili. Nawaandikia mapema ili nisijibiwe kwamba nimechelewa.

Tatu, mwanze na vituo vichache vya majaribio, kimoja sokoni na kimoja kando ya chekechea, katika kila eneobunge kati ya sita tuliyo nayo. Vya eneobunge letu naomba viwe Kathonzweni, na sioni haya kuvutia kwangu. Muone vinavyokwenda kwa mwaka mmoja, mhesabu watoto waliohudhuria na wasichana waliorudi darasani siku za soko, kisha mpanue.

Nne, wahudumu wa afya ya jamii wapewe ratiba ya kufika kwenye vituo hivyo kupima uzito na kufuatilia chanjo. Watawakuta watoto kumi mahali pamoja badala ya kuzunguka maboma kumi.

Tano, kaunti ni mwajiri mkubwa. Kila ofisi, zahanati na soko linalojengwa kwa pesa zetu liwe na chumba cha kunyonyeshea kama Sheria ya Afya inavyoagiza, kiandikwe kwenye ramani kabla msingi haujachimbwa. Mwajiri binafsi akiona kaunti imetekeleza, atakosa kisingizio.

Sita, na hili halihitaji shilingi nyingi: vikao vya ushirikishaji wa umma, ambavyo kaunti yetu imejijengea jina navyo kuanzia vijijini, viwe na pembe ya watoto na mtu wa kuwaangalia. Mama mwenye wawili hakai kwenye kikao cha mchana kutwa. Akiondoka kabla ya kura ya miradi, mradi wake unaondoka naye, na wanaobaki wanapigia kura barabara na lambo. Siku ya bajeti watoto hawana sauti nyingine ila ya mama yao, na mama yao yuko nje anambembeleza mmoja.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi mbele ya bunge lenu. Wenzangu wa shule jirani, akina mama wa soko na wauguzi wawili wa zamu ya usiku wamekubali kutia sahihi, na ombi rasmi litafika kwa karani wenu lenye majina yetu. Barua hii imetangulia ili mlijue shauri kabla ya karatasi kufika.

Nawe Mheshimiwa mwakilishi wa wadi yetu, utakapokuja Kathonzweni na kitabu cha bajeti, mimi nitakuwepo, na watoto wote wawili nitakuja nao, kwa kuwa sina pa kuwaacha. Nitanyoosha mkono niulize swali moja tu: vituo vya kulelea watoto viko ukurasa wa ngapi?

Wenu katika kuijenga kaunti,

Mwalimu na mama wa watoto wawili,
Kathonzweni.